Shangazi, mwanangu anaonekana mzima na sasa wakwe wanataka tuache dawa

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Busia upande wa Uganda. Nauza mukene na mitumba sokoni, mume wangu ni mwendesha boda. Mkubwa wetu ni msichana wa miaka 9, yuko P4. Mdogo ni mvulana wa miaka 5. Yeye ndiye mgonjwa, lakini ukisoma mpaka mwisho utaona kwamba nyumba nzima imeugua.

Mwaka jana alianza na homa. Tukadhani ni malaria, kama kila mtu hapa anavyodhani. Akapewa dawa, homa ikashuka, ikarudi. Midomo ikawa myeupe, damu ikawa inamtoka puani, usiku analia miguu inauma. Mwishowe daktari mmoja alitazama majibu ya damu akatuambia tuondoke kwenda Kampala siku ileile. Huko wakasema ni lukemia, saratani ya damu, na kwamba matibabu yatachukua zaidi ya miaka miwili.

Miezi ya mwanzo nilikaa naye wodini bila kurudi nyumbani. Nywele zilimtoka, mdomo ukajaa vidonda hata maji yakawa hayapiti. Nesi alipoleta mofini ya kunywa, dawa ya kutuliza maumivu, mama mkwe alikuwa amekuja kutuona. Alilia kwa sauti mbele za watu, akasema hiyo dawa wanapewa wanaokufa. Mtoto alikunywa, akalala, akaamka akaomba uji. Lakini tangu siku ile mama mkwe haiamini hospitali.

Sasa Mungu ametusaidia. Madaktari walisema wakipima damu na uboho, ule ute wa ndani ya mifupa, hawaioni tena saratani. Nywele zimeota, anakimbia, anacheza na wenzake. Tunakwenda kliniki kila mwezi, na nyumbani kuna vidonge anavyomeza kila siku. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Mama mkwe anasema mtoto amepona, na sisi tunaoendelea kumpa sumu ndio tutakaomuua. Anasema saratani ni ugonjwa wa wazungu, sisi tumerogwa tu, na kuna mzee upande wa Tororo anayetoa dawa za miti za kumalizia kazi.

Mume wangu naye aliuza pikipiki yake kwa ajili ya matibabu. Kiwanja tulichonunua nacho kimeuzwa. Sasa anaendesha pikipiki ya mtu na kila jioni anapeleka hesabu kwa mwenyewe. Juzi alisema, "Mtoto si amepona? Nauli ya mwezi huu tumlipie dada yake karo." Shangazi, hayo ndiyo maneno mengi aliyonitamkia kwa muda mrefu. Hakanyagi hospitali tangu wiki ile ya kwanza. Akirudi kazini anakaa nje gizani mpaka sisi tulale. Na shemeji yangu mmoja amenidokeza kwamba huko kwao wameshaanza kumshauri atafute mwanamke mwingine wa kumzalia watoto wenye afya, kwa sababu damu yangu ni mbaya.

Msichana wangu nilimwacha kwa mama mkwe tangu ugonjwa ulipoanza. Zamani hakukosa kuwa katika watano wa kwanza darasani. Sasa anakojoa kitandani, na mwalimu anasema anasinzia darasani. Wenzake hawataki kukaa naye dawati moja, wanasema atawaambukiza. Majuzi aligombana na bibi yake, akaangua kilio akasema, "Mimi ndiye niliyemfanya augue. Nilimsukuma juu ya mwembe akaanguka." Ni kweli, siku chache kabla ya ile homa ya kwanza alimsukuma wakicheza. Bibi akamwambia anyamaze, asirudie kusema hivyo. Nilipoambiwa nilikosa la kusema.

Mdogo naye si yule tuliyekuwa naye. Kila mwezi kuna siku chache anazopewa vidonge vingine vya ziada. Siku hizo ananipiga, anarusha sahani, anadai posho (ugali) na maharage saa nane ya usiku. Kila mtu anasema mwache, ni mgonjwa. Dada yake akigusa simu anagombezwa, yeye akiiangusha ananunuliwa soda.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Wodini alikuwa na rafiki, kitanda cha jirani. Asubuhi moja kitanda kilikuwa kitupu. Wamama wakamwambia mwenzako amerudi kwao. Basi siku tuliyoruhusiwa kutoka, mwanangu alishika mlango wa teksi akakataa kupanda. Akaniuliza, "Mama, tunarudi kwetu kama yule?" Mpaka leo, kila tukitoka kliniki, ananiuliza swali hilo.

Shangazi, niendelee na dawa nivunje ndoa, au niokoe ndoa nimpoteze mtoto? Na yule mdogo nimwambie nini?

Mama wa wawili, Busia

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na hongera kwa kumfikisha mtoto hapo alipo.

Dawa usiache. Nauli ya mwezi huu isiguswe kwa kitu kingine chochote, hata karo. Mwalimu mkuu anaweza kuombwa asubiri, lukemia haiombeki.

Mimi si daktari, kwa hiyo nitakueleza yale ambayo madaktari wa saratani ya watoto wote wanakubaliana. Vidonge vya kila siku na kliniki ya kila mwezi vinaonyesha kwamba mwanao yuko katika ile awamu ndefu ya mwisho, ya kuzuia ugonjwa usirudi. Wiki za mwanzo, zile zilizomtoa nywele na kumjaza vidonda, zilikuwa za kuua sehemu kubwa ya saratani. Zikifanikiwa, hata darubini haioni kitu. Lakini kutoonekana hakumaanishi kwamba imekwisha. Chembe chache hubaki zimejificha ndani ya uboho, au kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo, na kwa wavulana hata kwenye korodani. Ndiyo sababu mwanao alichomwa zile sindano za mgongoni wakati kichwa wala mgongo havikuwa vikimuuma. Dawa zikikatishwa sasa, chembe hizo huanza upya kuzaana, na lukemia iliyorudi ni ngumu kutibu kuliko ile ya kwanza.

Mama mkwe wako bila shaka ameshika jembe maisha yake yote, basi mwambie hivi: mtoto ni shamba lililokuwa na lumbugu. Majani yamefyekwa, udongo unaonekana safi, mizizi bado iko chini. Yeye mwenyewe asingekubali mtu aache kulima wakati huo.

Nchi tajiri huponya zaidi ya watoto 80 kati ya kila 100 wenye saratani. Nchi maskini nyingi huponya chini ya 30. Shirika la Afya Duniani lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya watoto mwaka 2018, liliweka lengo la angalau watoto 60 kati ya 100 duniani ifikapo 2030. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, kama vile ugonjwa kugunduliwa umechelewa na dawa kukosekana. Lakini moja ya sababu kubwa ni familia kuacha matibabu katikati, na mara nyingi huacha pale mtoto anapoanza kucheza na pesa zimekwisha. Ninyi mmefika hapohapo. Mtoto wenu aligunduliwa, dawa alizipata, mwili wake ukazipokea. Kilichobaki ni kumaliza.

Sasa nyumba. Nikiisoma barua yako naona kila mtu kwenu amejitungia maelezo yake ya ugonjwa huu, na hakuna anayejua ya mwenzake. Mama mkwe anaamini mmerogwa na kwamba hospitali huua. Mume wako anaamini kazi imekwisha. Msichana anaamini ni yeye aliyemdhuru ndugu yake. Mvulana anaamini kurudi nyumbani ni kufa. Wote wana hofu, na wote wananyamaza au wananyamazishwa. Sikulaumu, kwa sababu wewe ulikuwa wodini ukipigania uhai wa mtoto na hukuwa na nafasi ya kukaa kitako na kila mmoja. Lakini sasa nafasi hiyo ipo. Kila mtu wa nyumba hiyo aambiwe ukweli, kwa kadiri ya umri wake, na wewe usiwe msemaji pekee.

Anza na mumeo, na maelezo usimpe wewe. Ukimweleza wewe itakuwa ni mke anayedai nauli. Mwambie tu: "Baba watoto, mwezi huu nataka twende wote, nataka wewe umsikie daktari kwa masikio yako." Mkifika, kaa kimya, yeye aulize. Aulize matibabu yanakwisha mwezi gani wa mwaka gani, nini hutokea mwezi mmoja ukirukwa, na kama vipimo vya damu vya katikati vinaweza kufanyiwa karibu na Busia ili msisafiri kilomita 200 kwa kila jambo. Mtu anayejua tarehe ya mwisho huvumilia tofauti na yule anayedhani mzigo hauna mwisho. Mkiwa hapohapo, mwombe daktari aseme mbele yake saratani hii inatokana na nini. Atasikia kwamba kwa watoto walio wengi lukemia huanza kwa badiliko linalotokea ndani ya chembe za uboho wa mtoto mwenyewe, na mama hakumpa kwa damu yake. Hilo likisemwa na daktari, mumeo atakuwa na jibu la kuwapa ndugu zake. Usiende kugombana na shemeji, utachoka bure.

Nakuomba pia usimhesabu mumeo kama mtu aliyekwisha kuondoka. Mwendesha boda aliyeuza pikipiki yake ameuza mkono wake wa kulia kwa ajili ya mtoto, na sasa kila jioni anapeleka hesabu kwa mtu mwingine. Anayekaa nje gizani huenda anaona aibu kwamba hana tena cha kuuza. Alikuwa na kazi moja katika ugonjwa huu, ya kutafuta pesa, na kazi hiyo imemshinda. Mpe nyingine. Baada ya safari hiyo ya pamoja, mpokezane: mwezi huu yeye ampeleke mtoto kliniki, mwezi ujao wewe. Hapo na wewe utapata siku ya kukaa na msichana wako, jambo nitakalolirudia.

Jioni vilevile, yeye awe mtoa vidonge anapokuwa nyumbani. Ila hapa pana hatari, nisikilize vizuri. Katika awamu hii watoto wengi hupewa merkaptopurini kila siku, na metotreksati ya vidonge mara moja tu kwa wiki. Metotreksati ya wiki ikitolewa kila siku kwa makosa inaweza kuua. Watu wawili wakianza kupokezana dawa, bandikeni kalenda ukutani, daktari au nesi awaandikie dawa ipi ni ya siku ipi, na kila anayetoa atie alama palepale. Asiyeona alama aulize kwanza.

Kuhusu pesa, mtafuteni ofisa wa ustawi wa jamii hospitalini siku hiyohiyo mnapomwona daktari. Mumeo amweleze mwenyewe kwamba pikipiki na kiwanja vimekwenda. Wengi wanaona haya kusema hayo, lakini maofisa hao ndio wanaojua misaada ya nauli na ya dawa ilipo. Kampala zipo nyumba za hisani zinazowalaza bure watoto wenye saratani na wazazi wao wanaotoka mbali, na njia ya kuingia huko mara nyingi hupitia kwao.

Umeniuliza uchague ndoa au mtoto. Hujafika huko, mwanangu. Mumeo hajakuambia anaondoka, amekuambia hana pesa. Mjibu hilo kwanza.

Kwa mama mkwe, nenda na heshima zote. Amemlea binti yako muda wote huu, na hilo ni deni kubwa. Mshukuru kwanza, kwa maneno na kwa kitenge kama unaweza, kabla ya kufungua mjadala wowote. Halafu kuna mambo ambayo hakuna aliyewahi kumweleza.

Hilo la ugonjwa wa wazungu, Uganda yenyewe inalijibu. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Mulago, Denis Burkitt, mtu wa Ireland, aliandika kuhusu uvimbe wa taya aliokuwa akiuona kwa watoto wa hapa. Walikuwa watoto weusi wa vijijini kwetu, na saratani yao mpaka leo inaitwa limfoma ya Burkitt duniani kote. Miaka iliyofuata watoto hao walitibiwa kwa dawa, na wengine wakapona kabisa. Ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuonekana zinaponyeka kwa dawa peke yake. Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago ilianza kwa ajili ya watoto hao, mwaka 1967. Kwa hiyo watoto wetu walikuwa wakipona saratani hapahapa mama mkwe akiwa bado msichana.

Hilo la miti shamba nalo lina cha kuzungumza, tena linaweza kumfurahisha. Vinkristini, moja ya sindano kuu za lukemia ya watoto, inatokana na mmea wa asili ya Madagaska. Una maua ya waridi au meupe yenye petali tano, na watu wengi wameupanda uani kama pambo. Kwa hiyo hospitali haidharau miti. Tofauti ni kipimo: mmea huohuo ukichemshwa nyumbani ni sumu, na hakuna mtu anayeweza kujua kikombe kimoja kina nguvu kiasi gani. (Hata kwa kujaribu tu, msimchemshie.) Zaidi ya hapo, merkaptopurini na metotreksati zinalipa ini kazi kubwa. Dawa ya mti ikiongezwa juu yake inaweza kuliumiza ini, na daktari akiona hivyo atalazimika kusimamisha dawa za saratani. Mwombe mama mkwe aiweke pembeni miti yote mpaka matibabu yaishe. Akishindwa kabisa, basi aitaje mbele ya daktari kabla mtoto hajaonja. Dua na sala aendelee nazo, tena amwombee huku mtoto akimeza vidonge vyake.

Ile mofini ilimtisha kwa sababu aliiona siku mbaya na hakuna aliyemweleza. Uganda ina jina kubwa Afrika katika kutuliza maumivu. Tangu Hospice Africa Uganda ilipoanzishwa mwaka 1993, mofini ya maji imekuwa ikitengenezwa hapa nchini kwa bei nafuu, na wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa na sheria kuiandika. Hupewa mtu mwenye maumivu makali, awe anayekaribia kufa au anayeelekea kupona. Mjukuu wake alikunywa, akaamka akaomba uji. Mkumbushe hilo la uji, alikuwepo.

Sasa msichana. Huyu ndiye aliyeniliza katika barua yako. Watoto wa umri wake huamini kwamba mawazo yao na mikono yao ina nguvu ya kuleta msiba. Amebeba hilo la mwembe mwaka mzima, na siku alipojikaza kulitoa aliambiwa anyamaze. Usimjibu kwa simu. Mwende mahali penu wawili, mtazamane, na uliseme wazi: "Ulimsukuma, akaanguka, akainuka mkaendelea kucheza. Kuanguka hakuleti saratani. Kupigwa hakuleti saratani. Hata ungekuwa umemchukia siku ile, chuki haileti saratani. Hakuna aliyemfanya augue, si wewe, si mimi, si baba." Usitegemee siku moja itatosha. Mwambie tena wiki ijayo, na tena mwezi ujao, kwa sababu usiku lile wazo litamrudia. Mwambie pia kwamba ana ruhusa ya kukasirika. Inawezekana kuna siku alitamani mdogo wake asirudi, ili mama arudi. Akikiri hivyo, usishtuke wala usimwite mbaya.

Saratani haiambukizi. Si kwa kulala pamoja, si kwa kula sahani moja, si kwa kukohoa, wala kwa njia yoyote ile ya watoto kukaa pamoja. Mumeo au wewe mwende shuleni mkazungumze na mwalimu wa darasa, aliseme mbele ya wanafunzi wote bila kumsimamisha binti yako. Mwalimu ajue pia kinachoendelea nyumbani, atamwangalia kwa jicho jingine anaposinzia.

Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekwisha kuacha mara nyingi ni hofu inayotokea usiku. Asichapwe, asitajwe mbele ya wenzake, asianikishwe godoro kama adhabu. Akiwa anasikia maumivu akikojoa, au anakunywa maji kupita kiasi, mpelekeni apimwe. Vinginevyo itapungua akitulia. Na atatulia akirudi kulala nyumbani kwenu, hata kama bibi ataendelea kumlea mchana. Mtoto aliyepelekwa kwingine siku ndugu yake alipougua anaweza kuona kwamba alifukuzwa. Mpe pia kitu kimoja kisichovunjwa: Jumamosi mnakwenda sokoni wawili tu, au saa moja ya jioni unapiga simu ukiwa Kampala na kuzungumza naye yeye, habari za dawa zisitajwe. Usimgeuze yaya wa mdogo wake. Likizo ikifika, aende kliniki na kaka mdogo, aone daktari ni mtu na sindano ni sindano.

Kuhusu hasira za mdogo, zile siku chache za vidonge vya ziada nadhani ni za steroidi, prednisoloni au deksamethasoni. Muulize daktari akuthibitishie. Dawa hizo huleta njaa ya kutisha, usingizi mbovu na hasira ambazo mtoto mwenyewe hazielewi, na zikiisha anarudi alivyokuwa. Siku hizo weka chakula tayari usiku na upunguze wageni. Lakini kupiga kubaki marufuku, kwake na kwa dada yake. Simu iwe na sheria moja kwa wote wawili. Mtoto mgonjwa anayeruhusiwa kila kitu huanza kujiuliza kwa nini watu wazima wamekata tamaa ya kumkanya.

Na sasa swali lake. Mwanao wa miaka 5 tayari anajua rafiki yake alikufa. Hajaambiwa tu, na pengo hilo amelijaza kwa teksi na safari ya nyumbani. Chagua wakati ametulia, si njiani, umwambie: "Unamkumbuka rafiki yako wa kitanda cha jirani? Wamama walisema amerudi kwao. Hawakutaka ulie. Ukweli ni kwamba alikufa. Ugonjwa wake ulikuwa mkali, dawa zikashindwa. Kufa maana yake mwili umeacha kufanya kazi, hapumui, hasikii maumivu. Sisi tukitoka hospitali tunarudi nyumbani kwa baba na dada, kula na kulala na kucheza, halafu tunarudi tena kwa daktari." Usiseme alilala, atakuja kuogopa usingizi. Kama imani yenu inasema yuko kwa Mungu, mwambie, lakini baada ya kumwambia kwamba alikufa.

Atakuuliza, "Na mimi nitakufa?" Jiandae, kwa sababu atauliza ukiwa unamenya matoke. Usimwapie kwamba hatakufa kamwe, na usikimbie. Mwambie: "Dawa zako zinafanya kazi. Daktari anakupima kila mwezi na haioni saratani. Tunaendelea na dawa ili isirudi. Mimi niko na wewe." Hayo yote ni kweli, na mtoto anayesikia kweli leo atakuamini kesho sindano ikija. Kwa sababu hiyohiyo, asiambiwe tena na mtu yeyote kwamba mnakwenda kununua soda kumbe ni kliniki. Aambiwe asubuhi kwamba leo kuna sindano, na kwamba utamshika mkono.

Kuna jambo la dharura ambalo nyumba nzima lazima ilijue, bibi akiwamo. Nunueni kipimajoto. Mtoto huyu akifika nyuzi 38, hata kama anacheza, msimpe paracetamol mkasubiri asubuhi, na msiende dukani kununua dawa ya malaria mkaishia hapo. Dawa za saratani hupunguza kinga, na maambukizi yanaweza kumlemea kwa saa chache. Apelekwe hospitali mara moja, usiku au mchana, apimwe malaria na damu, aanzishwe viuavijasumu. Ombeni Kampala wawaandikie barua ya kuonyesha hospitali iliyo karibu nanyi, inayoeleza ugonjwa wake, dawa anazotumia na namba ya kupiga. Barua ikae na kadi yake. Wakitangaza chanjo kijijini, msimchomeshe wala kumpa matone kabla ya kumuuliza daktari wake, kwani chanjo zenye virusi hai zinaweza kumdhuru. Dada yake achanjwe surua kama hajakamilisha. Na mtoto yeyote mwenye surua au tetekuwanga akicheza na mwanao, pigeni simu hospitali siku hiyohiyo, msisubiri vipele.

Usianze yote kwa mpigo. Wiki hii kaa na msichana wako, na umwombe mumeo mwende naye kliniki. Mengine yafuate baada ya safari hiyo. Niandikie mkirudi Kampala, uniambie daktari amempa mumeo tarehe gani ya mwisho wa dawa.

Shangazi